Shahada Mbili za Mama Amondi

Mimi na Apondi tumegawana kibanda kimoja pale Mowlem kwa miaka kumi na tisa, na kwa miaka hiyo yote hajawahi kukubali kwamba upande wake ni mkubwa kuliko wangu. Yeye hushona sare za shule. Mimi huuza leso na madera. Cherehani yake imeketi mlangoni panapoingia mwanga, nami nimesukumwa nyuma na mabunda yangu, eti macho yake yasiharibike. Nimezaliwa Pumwani, mdomo ninao, lakini kwa Apondi huwa nashindwa. Ukimkemea anacheka. Ukinuna anakuagizia chai.

Hapa mtaani ni Mama Amondi. Alikuja Nairobi kutoka Ugenya akiwa mke mpya wa Walter, fundi wa reli, wakaishi nyumba za reli upande wa Makadara kabla ya kuhamia huku. Walter alifariki mwaka wa 2011, akamwachia cherehani, redio na Amondi. Tangu hapo sijawahi kumwona Apondi ameketi bila kitambaa mapajani. Mtoto akiletwa kupimwa, yeye hana haja ya futi. Anamtazama mara moja tu, juu mpaka chini, kisha anaacha vidole vitatu vya kitambaa ndani ya pindo ili gauni lije kushushwa mwakani. "Ukimshonea mtoto nguo ya kumtosha leo tu," husema, "umemwibia mama yake." Wateja wanampenda kwa hilo. Mimi humwambia anajikosesha biashara kwa mikono yake mwenyewe.

Amondi alipohitimu udaktari wa meno, tulifunga njia kwa hema. Akina mama tulishona madera ya rangi moja, nami nikauza kitambaa kwa bei ya kirafiki, ingawa Nthoki, mmoja wetu, mpaka leo anabisha. Baada ya hapo kibanda chetu kikageuka kliniki. Mtu anakuja kuchukua kaptura ya mwanawe, mara anafungua mdomo mbele ya Apondi. Na Apondi, bila haya, anawasha tochi ya simu, anachungulia. "Hiyo ni ya kung'oa," anasema. "Mwone Amondi."

Miaka mitano ya chuo, mmoja wa mazoezi hospitalini, kisha Amondi akapata kazi katika kliniki moja ya meno. Mwaka jana Apondi alinitangazia kwamba amemaliza kazi ya kusomesha. Desemba hii angefunga, arudi Ugenya, kwenye nyumba aliyojenga polepole, akalale mchana kama watu wengine. Nilimwambia nitamkosa. Ni kweli ningemkosa. Lakini pia nilikuwa nimeshapima kwa macho mahali nitakapoweka kabati langu, pale pale mlangoni.

Ndipo Nthoki akaleta habari.

Nthoki huuza chapati na maharagwe kwenye lango la chuo kimoja cha udaktari. Alhamisi moja alikuja mbio, Apondi akiwa ameenda kununua vifungo, akaketi juu ya bunda langu bila kuombwa.

"Mama Nuha, nimemwona Amondi. Yuko kwa laini ya watoto wa first year. Amebeba sanduku la mifupa."

"Mifupa ya nini?"

"Ya mtu! Ile ya kusomea. Nimeuliza, nikaambiwa hao wote ni wa mwaka wa kwanza. Kumbe amerudishwa mwanzo. Zile karatasi zake hazikuwa sawa."

Kuuliza si ujinga, lakini sisi hatukuuliza. Tuna chama chetu cha akina mama kumi na wanne, na Kavutha ndiye mwenyekiti. Jioni hiyo tulikutana bila Apondi tukaamua. Mtaani kwetu mtu akipatwa na jambo haachwi peke yake. Mnaenda na unga, sukari na majani ya chai, mnaketi naye, mnaomba, mnaondoka. Ningependa kusema kwamba mimi nilipinga. Sikupinga. Mimi ndiye niliyesema kilo mbili za sukari ni aibu, twende na tano.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, tulimwendea tukiwa tisa. Apondi alifungua mlango akafurahi sana. Akatoa viti, akaazima vingine kwa jirani, akaweka maji ya chai motoni. Nthoki alisema tuanze na maombi. Apondi akainamisha kichwa.

"Ee Mungu," Nthoki akaomba, "wewe ndiwe unajua kwa nini mtoto wetu alianguka. Mpe mama yake nguvu. Mkumbushe kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani."

Tulisema amina. Apondi pia alisema amina, kwa sababu amelelewa vizuri. Kisha akautazama unga, akaitazama sukari, akatutazama sisi mmoja mmoja.

"Nani amekufa?"

Wote wakanigeukia mimi, kama kawaida. Basi nikasema. Nilisema vibaya, kwa haraka, nikitafuta maneno laini nisiyapate: kwamba Amondi ameonekana chuoni na watoto wa mwaka wa kwanza, kwamba haya hutokea, kwamba sisi hatumcheki.

"Amondi yuko kazini," Apondi akasema. "Anatoka hapa saa kumi na mbili asubuhi kila siku na koti lake jeupe."

Wakati huo huo Amondi akaingia, ametoka kliniki, maana sasa alikuwa akifanya kazi wikendi na jioni tu. Alipotuona tumeketi mduara, na unga umewekwa katikati, alielewa kabla hatujasema neno.

"Mama, sijafeli," akasema. "Cheti changu si kiko hapo kwa ukuta?"

"Basi mifupa ni ya nini?" Nthoki akauliza.

Amondi aliketi sakafuni karibu na miguu ya mama yake. Alieleza polepole, na mimi nilisikia vizuri kwa sababu sikupumua. Kulikuwa na mwanamume wa mtaa wa Pipeline, mpakaji rangi, aliyekuja kliniki na uvimbe kwenye taya. Amondi aliona mara moja kwamba si jino. Akamwandikia barua aende hospitali. Huko akaambiwa mambo ya mdomoni ni ya daktari wa meno. Akarudi. Akatumwa tena kwa wengine. Miezi saba alizungushwa hivyo na bahasha yake, na kila aliporudi uso ulikuwa umezidi kupinda, mpaka akawa anafunika mdomo kwa kitambaa akizungumza. Alipofika kwa mpasuaji wa taya, walilazimika kukata nusu ya taya la chini.

"Mimi nilikuwa najua tangu siku ya kwanza," Amondi akasema. "Nilijua, na sikuwa na ruhusa ya kumshika."

Anataka kuwa mpasuaji wa taya na uso. Mahali anapotaka kusomea upasuaji huo hawachukui mtu mwenye shahada moja. Wanataka ya meno na ya udaktari wenyewe, zote mbili. Chuo kimemsamehe masomo kadhaa, lakini mengine lazima aanze pamoja na watoto waliotoka sekondari juzi.

"Miaka mingapi?" Apondi akauliza.

"Mitano ya udaktari. Mmoja wa mazoezi. Halafu mitano ya upasuaji."

Kumi na mmoja. Apondi ana miaka sitini na miwili. Nilimwona akijumlisha, nami nikajumlisha naye, na sikuipenda jumla tuliyoipata.

"Na pesa?"

"Usijali mama. Ni laki tano kwa mwaka, na mkopo wa wanafunzi safari hii sikupata, bado hata nalipa ule wa kwanza. Lakini niliweka akiba. Nitajilipia. Sikutaka kukusumbua, umechoka."

Nilidhani hapo Apondi angetulia. Badala yake uso wake ulisawijika, na hakika sijawahi kumwona hivyo tangu mazishi ya Walter.

"Miezi minne unanidanganya kwa koti," akasema. "Kumbe sasa mimi ni mtu wa kufichwa."

Tuliondoka. Sukari tuliiacha, maana kuirudisha ingekuwa aibu ya pili.

Wiki nzima hakuzungumza na Amondi isipokuwa kwa kupitia kwangu. "Mwambie binti yangu chakula kiko kwa sufuria." Nilimwambia mimi si tarishi. Aliendelea kushona, akanyoosha mishono iliyokwisha kunyooka, akararua pindo moja mara tatu. Nilimkasirikia Amondi, kisha nikamkasirikia Apondi, kisha nikajikasirikia mwenyewe kwa zile kilo tano.

Ijumaa Amondi alinipitia kibandani mama yake akiwa hayupo. Akiba ilikuwa imeisha. Karo ya muhula wa pili ilitakiwa Jumatatu, na alikuwa amepungukiwa laki moja na nusu.

"Anti Muhiba, nitaahirisha," akasema. "Narudi kliniki kazi ya siku nzima. Huenda mama ana haki ya kununa, na mimi nimechelewa kuanza upya. Usimwambie."

Niliapa. Siri hiyo niliishika hadi chai ya saa kumi. Nikamwambia Apondi. Alikata uzi kwa meno, akafunika cherehani, akaenda nyumbani mapema, jambo ambalo hafanyi.

Kesho yake kulikuwa na kikao cha chama. Sheria yetu ni rahisi. Mama akijiunga, anaandikisha watoto wake, na kila mwezi analipia fungu la kila mtoto. Mtoto akiingia chuo, mama yake anapewa fungu hilo lote, mara moja tu kwa kila mtoto. Apondi alikuwa amelichukua la Amondi zamani, alipoingia kusomea meno. Kwa hiyo aliposimama na kusema amekuja kuomba fungu la mtoto wa chuo, Celine, mweka hazina, alitazama chini kwa huruma.

"Mama Amondi, lako ulishapata."

"La Amondi nilipata," Apondi akasema. "Naomba la Austine."

Hapa lazima nieleze jambo ambalo Apondi hapendi lisemwe ovyo. Walikuwa watoto wawili. Austine alikuwa wa mwisho, mtoto mwenye kelele, aliyekuwa akijificha ndani ya madera yangu na kuyavuta chini. Mwaka wa 2008 alishikwa na homa Jumanne, na Ijumaa tukamsindikiza Ugenya kumzika. Alikuwa na miaka mitano. Januari iliyofuata, majina yaliposomwa, Kavutha alichukua kalamu alifute jina lake. Apondi akamwambia, "Liache." Na tangu mwezi ule mpaka mwezi uliopita, amelipia mafungu mawili. Mimi, kwa mdomo wangu huu, nilimwambia siku moja kwamba anatupa pesa kaburini. Alinitazama tu, kisha akaendelea kushona. Nimelijutia neno lile zaidi ya maneno yangu mengine yote, na ni mengi.

Kavutha alifungua daftari, akalipata jina. Hakuna aliyepinga. Nthoki, mwenye kupinga hata saa ya kuanza kikao, alikuwa akijifuta macho kwa pindo la leso aliyoinunua kwangu. Celine aliuliza kwa sauti ndogo kama anafaa kuandika mtoto ameingia kusomea nini.

"Udaktari," Apondi akajibu.

Jumatatu alfajiri Amondi alipita kibandani kutuaga. Alikuwa amevaa nguo za kliniki, si za chuo. Apondi alikuwa amefika mapema, miwani puani, mguu kwenye cherehani. Hakuinua kichwa. Alitoa bahasha chini ya kitambaa akamsukumia.

"Nenda ukalipe kabla laini haijawa ndefu."

Amondi alichungulia ndani. "Mama, hii umetoa wapi? Umeuza nini? Mimi fungu langu la chama nilishakula."

"Ile ya kwanza ilikuwa yako," Apondi akasema. "Hii ni ya ndugu yako. Sasa hivi angekuwa na miaka ishirini na miwili, angekuwa chuoni, ananisumbua na karo. Msomee."

Amondi akashika mkono wa mama yake uliokuwa bado juu ya kitambaa.

"Na Desemba je?" akauliza hatimaye. "Si ulisema unaenda nyumbani?"

"Nitaenda vipi na nina mtoto mwaka wa kwanza?"

Amondi aliketi juu ya bunda langu la leso mpya, zile ambazo hata sijazifungua, akalia mpaka zikalowa, na mimi sikumwambia ainuke.