Hataza ya Kwanza ni ya Mjomba

Yared ana ofisi yenye feni na kiti cha kuzunguka, lakini ukimkuta amekikalia, jua siku hiyo anaumwa. Mkurugenzi Mtendaji wa Vipando Bora, karakana ya zana za miwa pale Ruaha, hushinda na mafundi wake huku mashati yake yakitobolewa na cheche. Mkewe Upendo alishachoka kuyashona. Siku hizi anamnunulia ya mtumba na kumwambia aende akayaunguze kwa amani.

Kwao ni milimani, upande wa Berega. Alipomaliza kidato cha nne na matokeo ambayo hapendi kuyazungumzia, mama yake alimshusha bondeni kwa kaka yake, Lazaro, aliyekuwa analima miwa. Katika ukoo wao mtoto ni wa mjomba kwanza, wa baba baadaye. Lazaro akampokea, akamkabidhi panga, wakaingia shambani.

Kazi yenyewe ilikuwa kukata miwa ya mbegu. Muwa huchipua kwenye jicho, pale penye fundo, na panga halina adabu: likipita juu ya jicho, kipande hicho hakifai hata kwa dawa. Kila msimu walipanda mistari yenye mapengo kama kinywa cha kibogoyo, na kila msimu Yared alikasirika upya. Wenzake walisema ndiyo kilimo hicho. Yeye akaanza kuokota vyuma chakavu.

Watu walimcheka, na haki yao, maana mashine ya kwanza ilikata kila kitu isipokuwa muwa. Lazaro hakucheka. Aliuza maksai wake wawili, akamnunulia mpwa wake mashine ya kuchomelea na kumwachia stoo ya mahindi iwe karakana. Hakuuliza itatumikaje. Misimu miwili ilipita kabla Yared hajapata alichokuwa anakitafuta: mkanyagio wa mguu, visu viwili, na kidole cha chuma kinachopapasa muwa mpaka kiguse fundo, ndipo visu vinashuka mbali na jicho. Msimu ule shamba la Lazaro liliota bila pengo, na walioangua vicheko wakaja kuomba kuazima.

Ofisa biashara wa wilaya, kule Kilosa, ndiye aliyemshauri aikatie hataza, hati ya kulinda ubunifu, ili mwingine asije akaitengeneza na kuiita yake. Yared akasafiri hadi Dar es Salaam. Walipomuuliza mbunifu ni nani, alijibu bila kusita: Lazaro, mjomba wangu. Hakuona kwamba anadanganya. Mama yake alimlea akijua kwamba zao la kwanza la mikono ya kijana hupelekwa kwa mjomba, liwe debe la mahindi au mshahara, na mjomba hawezi kulikataa, kwa sababu kulikataa ni kumlaani aliyelileta. Kampuni yake ya Vipando Bora ikawa mmiliki, mjomba akawa mbunifu. Miaka michache baadaye alipobuni jembe la kufukia vipando, aliandika jina lake mwenyewe. La pili lilikuwa lake, hakuna aliyemdai.

Mambo yakanyooka. Stoo ya mahindi ikawa banda refu, mashine zikavuka hadi Kilombero, na Yared akajifunza kuvaa tai, kusoma mikataba na kumfukuza mtu kazi bila kumtukana. Sifa za mashine zilikwenda kwa mjomba, naye Yared alifurahi kuzisikia. Chanda chema huvikwa pete, na chanda kilichouza maksai hakikuwa na mfano. Pale kanisani Lazaro, ambaye ni mzee wa kanisa, walimwita Mvumbuzi. Siku za karibuni alikuwa haonekani sana, wala karakanani hakanyagi. Yared akasema ni magoti.

Ndipo ilipokuja kampuni moja kutoka Arusha, ikitaka leseni ya kuitengeneza ile mashine kwa wingi na kuiuza mpaka nje ya nchi. Mauzo yalikuwa yameanza kupungua, na kwa Yared hiyo ndiyo ilikuwa pumzi ya karakana nzima; bila leseni ile, banda lile refu lisingefika mwaka mwingine na mafundi wake wote. Lakini mwanasheria wao, Irine, alikuwa mtu wa kupekua. Akataka mbunifu mwenyewe aje, aeleze alivyoifikia mashine yake, kisha ale kiapo.

Usiku huo Yared hakulala vizuri. Angesema ukweli, angemvua mjomba nguo mbele ya watu. Angenyamaza, angemwapisha uongo mzee wa kanisa. Asubuhi alikwenda kwa Lazaro akiwa na maneno ya kumfundisha, machache tu, ya kidole na visu. Alipofika alimwamkia, akamweleza safari, na yale maneno yakamkwama. Mjomba akasema tu kwamba atakwenda.

Walikutana hotelini Mikumi. Lazaro alikuwa amevaa koti la Pasaka. Irine alimpa shikamoo ya heshima, akaitikiwa marahaba, chai ikamiminwa. Kisha akamwomba mzee awaeleze ilikuwaje mpaka akafikiria kile kidole cha chuma.

Lazaro aliweka kikombe chini. Alitazama mikono yake, akafungua mdomo, akaufunga. Jasho lilimtoka, na feni ilikuwa juu ya kichwa chake. Yared alimwona mjomba wake akiwa kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya ubao.

"Hakuibuni yeye," akasema. "Niliibuni mimi. Yeye sikumuuliza. Nilimwandika kwa heshima."

Irine hakupandisha sauti. Alieleza kwamba ombi la marekebisho litapelekwa Dar es Salaam, kwamba hajui litachukua muda gani, na kwamba mpaka lipite hakuna leseni, na hata likipita hawezi kuahidi kwamba wakubwa wake watakuwa bado wanaitaka. Akafunga kompyuta yake. Alipoaga, alimpa mzee mkono kwa mikono miwili.

Wakarudi na gari la karakana, Yared kwenye usukani. Alimwomba mjomba msamaha kwa kumwaibisha. Lazaro alikuwa anatazama nje.

"Aibu ya leo ni ndogo," akasema. "Wanafunzi wa shule ya misheni waliletwa kwangu niwaeleze, nikasema naumwa. Mchungaji akataka nisimame kanisani siku ya mavuno, nikasema nina msiba. Nimedanganya mpaka nikaogopa kwenda kanisani."

"Kwa nini hukuniambia, Mjomba?"

"Umeniletea zao lako la kwanza. Nilikataeje?"

Yared alipunguza mwendo, maana barabara ilikuwa haionekani vizuri. Miaka yote hiyo alidhani amembebesha mjomba wake heshima, kumbe alimbebesha gunia, na mzee wa watu akalibeba bila kuguna ili mpwa wake asije akapatwa na laana. Alifuta macho kwa mkono wa shati. Hakuona sababu ya kujificha.

Walipofika Ruaha, mafundi walikuwa wameshaondoka. Yared alitaka kupitiliza ampeleke mjomba nyumbani akapumzike. Lazaro akamwambia asimame hapo karakanani. Aliteremka polepole, akaingia bandani, akaisogelea mashine iliyokuwa karibu na mlango na kuushika mkanyagio kwa mkono, kama mtu anayeangalia ng'ombe wa kununua.

"Nionyeshe inavyofanya kazi," akasema. "Tangu siku uliyoniandika mimi, ningemuuliza nani?"