Usimguse, Mwalimu Mkuu

Mwalimu Romana alipohamishiwa shule ya kijiji cha Mamba mwaka 1973, sifa za Imakulata zilimpokea kabla hajafungua hata sanduku lake. Imakulata alikuwa darasa la tatu, binti wa Gaudensi, mkulima wa mpunga. Alikuwa amemng'ata mwalimu mkono, amempasua mwenzake mdomo, na hakuna aliyetaka kukaa naye dawati moja.

"Ana kiburi cha ajabu," Mwalimu Mkuu Maximilian alimweleza Romana. "Unamwita, anakutazama tu huku anatafuna midomo kama mbuzi. Ukimshika, vita. Kamati ya shule ikikutana, tunamfukuza."

Romana alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nene, mzaliwa wa Ikola, kwa wavuvi wa dagaa. Chuoni walifundishwa saikolojia ya watoto, somo ambalo wenzake wengi walilisahau mara tu walipotoka kwenye mtihani. Yeye lilimwingia. Aliamini kwamba ukorofi wa mtoto una mahali ulipoanzia, na mwalimu lazima apatafute.

Basi akamhamishia Imakulata dawati la mbele, akawa anamtazama. Haikupita muda akaona jambo. Msichana yule hakuwa akianza ugomvi. Vurugu zote zilianza mtu alipomshika, na kila mara, kabla ya kushikwa, macho yake yalikuwa yameganda na vidole vikichezea kola ya gauni.

Siku moja katikati ya hesabu, macho yakaganda tena. Romana hakumgusa. Alimwinamia akamwambia polepole sikioni, "Kiboko." Kisha akasubiri. Imakulata alipopepesa macho na kushusha pumzi, Romana alimwonyesha konzi ya karanga.

"Nimekuambia neno gani sasa hivi? Ukilitaja, hizi zako."

Msichana alizitazama karanga kwa uchu. "Jumlisha?"

"Si hilo."

"Mwalimu, hujaniambia kitu."

Romana alimpa karanga zote. Mtoto huyu hakuwa mkaidi. Alipoitwa alikuwa hasikii, na alipokamatwa alikuwa kama mtu anayeamshwa usingizini na mikono asiyoijua.

Kabla hajapata nafasi ya kumweleza Mwalimu Mkuu, mambo yalijileta yenyewe. Maximilian aliingia kukagua darasa, fimbo mkononi, na watoto wote wakasimama isipokuwa mmoja.

"Wewe! Simama!"

Imakulata alitafuna midomo tu. Maximilian akapiga hatua, mkono umenyooka kumkamata bega. Romana akajiweka katikati.

"Usimguse, Mwalimu Mkuu. Nakuomba. Tazama tu."

Mwalimu kijana kumzuia mkuu wake mbele ya wanafunzi lilikuwa jambo ambalo halijaonekana pale. Maximilian alivimba shingo, lakini alisimama. Akaona vidole vikihangaika kwenye kola, macho yakitazama bila kuona. Kisha taratibu msichana akarudi. Aliona watu wote wamesimama, akashtuka, akainuka upesi.

"Shikamoo, mwalimu," alimwambia Maximilian kwa adabu, kana kwamba ndiyo kwanza anaingia.

Maximilian alishusha fimbo. "Marahaba," alijibu kwa sauti ndogo. Nje alimuuliza Romana, "Na sisi tumemchapa miaka yote hii?"

Jioni hiyo wakaenda wote wawili kwa Gaudensi. Mzee yule alisita sana kabla ya kusema kwamba mwanawe akiwa mdogo alipata homa kali na degedege hadi padri akaitwa kumpaka mafuta ya wagonjwa. Alipona, lakini hakurudi yule yule. "Niliogopa kusema, mwalimu. Watu wangetukimbia."

Romana akapanda na baba na binti lori la mpunga hadi hospitali ya Mpanda. Daktari alisikiliza maelezo yake yote, akasema ni kifafa cha aina isiyomwangusha mtu, akatoa vidonge vya kumeza kila jioni.

Lakini jina hilo liliposikika Mamba, wazazi waliingiwa na hofu kuliko mwanzo. Walijaa shuleni, mbele yao mama mmoja aitwaye Lusia.

"Mtoto mkorofi tulimvumilia," alisema. "Kifafa kitaambukiza wetu. Aondoke!"

Romana hakubishana. Aliagiza ugali na dagaa kutoka nyumbani kwake, akamwita Imakulata, wakanawa, wakala sahani moja mbele ya umati. Akamega tonge, akamlisha mtoto kwa mkono wake, naye akafungua kinywa akalishwa. Kilichowashangaza watu ni Maximilian, aliyekunja mikono ya shati, akanawa na kujongea sahani.

"Nyie mnaoogopa," alisema huku anatafuna, "njooni mtuzike wote watatu kesho."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Imakulata akabaki shuleni.

Vidonge vilimtuliza polepole, na akili iliyokuwa ikikatwakatwa ikapata nafasi ya kufuata somo hadi mwisho. Alisoma kama mtu mwenye njaa. Kampeni ya elimu ya watu wazima ilipopamba moto na walimu wakawa hawatoshi, Romana alimkabidhi ubao na kundi la akina mama. Siku ya mtihani wa taifa wa watu wazima, mwaka 1975, Lusia alisoma aya nzima bila kukwama, akaacha karatasi mezani na kumkumbatia msichana aliyemfundisha, huku analia na kupiga vigelegele kwa pamoja.

Gaudensi, aliyekuwa dirishani, alivua kofia.

Muda si mrefu wilaya ilimpa Romana kazi ya kuzunguka shule zenye watoto walioshindikana. Alipofika shule ya Nsemulwa mara ya kwanza, alikuta walimu wanamngojea barabarani, na wazazi nyuma yao, kila mmoja ameshika mkono wa mtoto wake.

"Karibu, Mwalimu Romana," walisema. "Tuanze na yupi?"