Uso wa Mwenye Kikapu

Sifa njema zote ni za Mola, aliyeniachia mkono usiotetemeka hata katika umri huu. Namshukuru kwa kila ukurasa alionijalia kuumaliza, na namwomba subira kwa ule mmoja ambao bado sijautoa.

Nilianza kazi kwa kuandika vibao vya maduka hapa Voi: bucha, kinyozi, duka la nguo la baba mdogo karibu na msikiti. Baadaye nikaanza kuchora mambo yaliyotokea kweli. Mzee wa Ndara aliyebaki na kengele za ng'ombe baada ya ukame. Tembo walioingia shambani usiku wa kuamkia mavuno. Kila kisa nilikigawa katika vyumba vya picha, maneno machache chini yake, nikatoa fotokopi, nikapiga stepla na kuuza kijitabu dukani kwangu. Gazeti moja liliwahi kuniita. Mhariri akapekua kurasa zangu, akasema, "Mzee, katuni ni za kuchekesha. Hizi zako zinatisha." Nikamwambia nimeyakuta hivyo hivyo. Hakuniita tena, nami sikununa.

Mwalimu wangu wa madrasa, Mungu amrehemu, alinikataza kuchora nyuso za watu. Wanazuoni wamehitilafiana katika hilo, lakini mimi nilimwahidi. Kwa hiyo watu wangu wote hawakuwa na nyuso. Mahali pa macho na mdomo niliacha karatasi nyeupe. Vingine vyote nilivichora kama vilivyo: kiraka cha shati, ndala iliyoshonwa kwa waya, mpini wa jembe uliopasuka. Waliokuwa na jambo zito walinijia kwa sababu hiyo. Kwangu hakuna uso.

Ndivyo alivyonijia mama mmoja wa Makwasinyi, msukaji wa vikapu. Alikaa kwenye benchi langu, kikapu magotini, akanieleza kwamba alikuwa akikata kuni karibu na shimo la kuchimbia vito, yale mawe ya kijani, lilipoporomoka. Wachimbaji wawili walikuwa ndani. Aliwasikia wakigonga mwamba, wakipumzika, wakigonga tena. Mwenye shimo akafika, akasikiliza. Hakuwa na kibali, wala hakutaka maswali. Akaagiza tingatinga lifukie mdomo wa shimo.

"Waliendelea kugonga chini ya ule udongo," alisema yule mama. "Halafu wakaacha. Ndugu zao wameambiwa wamevuka kwenda Tanzania kutafuta kazi. Nichoree, mzee. Lakini nisijulikane."

"Hutakuwa na uso," nikamwambia, na nilidhani nimempa hifadhi.

Kijitabu kilikuwa hakijamaliza wiki mbili dukani alipoingia mwanamume mmoja baada ya adhuhuri, amevaa saa nzito na viatu vyenye vumbi jekundu.

"Salaam aleikum, mzee. Nipe hicho cha shimo."

Akakisoma amesimama, polepole, kama mtu anayesoma barua yake mwenyewe. Kwenye ukurasa wa tisa akaweka kidole.

"Huyu mama umemnyima uso."

"Wote hawana."

"Kweli. Lakini kikapu umekipa kila kitu." Akatabasamu. "Mke wangu anacho kama hiki. Alikinunua kwa mwenyewe. Hongera mzee, una mkono mwaminifu."

Akakikunja kijitabu, akakitia mfukoni, akatoka bila haraka.

Nilikaa chini. Kule Kasigau, kwenye vijiji kama Makwasinyi, kila msukaji ana nakshi yake, aliyoachiwa na bibi yake, na mwingine haigusi. Ya huyu mama ni mstari mweusi unaopinda na kukatika mara tatu kabla ya kufika ukingoni. Niliuhesabu nikichora, nisikosee hata uzi. Na hilo nililijua! Nyumbani kwangu viko vikapu vinne, na mke wangu hukitaja kila kimoja kwa jina la aliyekisuka.

Asubuhi nikaenda Makwasinyi. Nilimkuta mkekani akichambua mkonge.

"Karibu, mzee. Umenichora vizuri. Jirani ananiuliza uso nimeusahau wapi."

Nikamweleza. Akaacha kucheka, mikono haikuacha kazi. Nikamsihi aende Taveta kwa binti yangu.

"Na ndengu zangu avune nani? Nyani?" Akaonyesha njia kwa kidevu. "Jana pikipiki mbili zilisimama pale. Hawakushuka. Waliniangalia tu."

Tulikwenda kituo cha polisi tukaandikisha habari. Tukaambiwa tungoje. Tulipotoka, akanishika mkono wa kanzu.

"Mzee, wao wameshanijua. Wasionijua ni wengine. Nichoree uso sasa. Siku nikikosekana, watu wasiambiwe nimevuka kwenda Tanzania."

Nilirudi Voi, nikaswali rakaa mbili, nikamwomba Mola anisamehe ahadi ninayoivunja, nikachora. Macho niliyachora mwisho. Ukurasa ule nikaufungia kwenye mtoto wa meza, nikiomba nisiuhitaji kamwe.

Tulipatana kwamba dereva wa lori la mboga atampigia honi kila Alhamisi, kisha aniletee neno. Miezi mitatu neno lilikuwa moja: "Anasema anasuka." Nililipokea kama mtu apokeavyo maji ya futari.

Leo ni Alhamisi. Dereva amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Nimepiga honi mara nne, mzee. Mkeka upo nje. Mkonge upo juu yake. Yeye hakutoka." Majirani hawajamwona tangu jana.

Nimepiga simu kituoni, nimempigia binti yangu. Kisha nimefungua mtoto wa meza. Yule mama ananitazama kutoka ukurasani kwa macho niliyompa mimi. Karatasi nimeshaziweka kwenye mashine ya fotokopi.

Wewe usomaye, Mungu akuhifadhi wewe na nyumba yako, akupe majirani watakaokuulizia usipoonekana, na akujalie nawe kuwa jirani wa namna hiyo. Amin.