Wiki Saba Tangi la Baba Halikuguswa

Kama nawe ulikulia Kibaha wakati mtaa wetu wa Picha ya Ndege una mikorosho mingi kuliko mabati, utanielewa nikisema kwamba Jumamosi ya kwetu ilikuwa na harufu yake. Ilinuka sabuni ya mche, mihogo ya nazi, na vumbi lililonyunyiziwa maji kabla ya kufagiliwa. Tukimaliza kazi tulikimbilia nje kucheza rede mpaka nguo safi zigeuke rangi ya udongo. Nyumba yetu ilikuwa na harufu moja zaidi, ya maji ya bwawa, kwa sababu baba alikuwa na tangi la samaki sebuleni.

Mtaani hakuna mwingine aliyekuwa na kitu kama kile. Baba alikuwa karani Dar es Salaam, na bosi wake alipohama alimwachia tangi la kioo lenye samaki wanne wekundu. Watoto wa jirani walikuja kuchungulia dirishani kama wanaotazama televisheni. Bibi, mama yake baba, alipokuja kututembelea kutoka Chole kule Kisarawe, alilitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mnawalisha na hamuwali. Sasa wana kazi gani humu ndani?"

"Wananituliza moyo, mama," baba akamjibu.

Kila Jumamosi alilisafisha mwenyewe, mimi binti yake wa miaka kumi nikimshikia ndoo.

Mwaka ule baba aligongwa na pikipiki akitoka kazini, akavunjika mguu. Mama alikwenda Dar kumuuguza, na Bibi akaja kukaa nasi, mimi na dada yangu Zuhura, aliyenizidi miaka mitatu. Zikapita wiki saba. Tangi hatukuligusa. Samaki tuliwatupia chakula tu, tena kingi kupita kiasi, kwa kuwaonea huruma. Maji yakawa kijani kama mlenda, kioo kikaota utelezi, na samaki wakawa wanapanda juu kutwa nzima kutafuta hewa. Kusema kweli tulikuwa tunapita pale tumegeuza shingo. Lile tangi lilitukumbusha kwamba baba hayupo.

Jumatano moja mama akapiga simu kwa jirani: baba anarudi Jumapili.

"Akilikuta hivi atajua hatukumjali," Zuhura akasema. Hakungoja ushauri. Alijaza beseni maji ya bomba, akamvua samaki mmoja kwa chujio la chai na kumtia humo. Alikusudia kuwatoa wote, amwage maji yote na kulisugua tangi kwa sabuni ya unga. Hata pakiti ya sabuni hajaifungua, yule samaki akalala ubavu. Tulimrudisha haraka kwenye tangi lakini alikuwa ameshakufa. Bibi, aliyekuwa akiwacheka samaki siku zote, alimfunga kwenye jani la mgomba akaenda kumfukia nyuma ya nyumba. Siku ile hatukwenda kucheza. Zuhura alikaa kwenye ngazi mpaka adhuhuri, akikataa kula.

Ndipo nikakumbuka maneno ya baba: "Maji ya bomba yana dawa, yalazeni kwanza. Na samaki humbadilishii dunia yake yote kwa siku moja."

Tulijaza ndoo maji, tukaziacha wazi mpaka kesho yake. Alhamisi tulichomoa waya wa pampu ya hewa ukutani kabla ya kutia mkono majini, samaki tukawaacha humo humo. Tulisugua kioo taratibu kwa dodoki lisilowahi kuguswa na sabuni. Kisha nikavuta maji machafu kwa mdomo kupitia mpira wa maji, nikimeza funda moja ambalo ladha yake naijua mpaka leo, tukanyonya uchafu wa chini mpaka robo ya tangi ikatoka. Sponji la pampu, lile linalochuja uchafu, tulilisuuza kwenye maji hayo hayo ya zamani, kama baba alivyokuwa akifanya. Maji yaliyolala tuliyaongeza kikombe kwa kikombe, tukarudisha waya. Ijumaa robo nyingine, Jumamosi nyingine. Chakula tukakipunguza. Yale maji ya kijani Bibi aliyapeleka kwenye mchicha wake.

Jumapili baba aliingia na magongo, amekonda, mama akimfuata nyuma. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi.

"Watatu," akasema.

"Mmoja nilimuua mimi, baba," Zuhura akajibu. "Nilimtia kwenye maji mapya."

"Na hawa?"

"Tulibadilisha robo robo, kama wewe."

Baba aliomba kigoda. Alikaa akiuelekeza uso kwenye kioo, na mabega yake yakaanza kutikisika. Bibi akatusukuma mlangoni. "Tokeni nje," akasema. "Mwacheni mwanangu."

Jioni baba alituita. "Kule wodini nilikuwa najiambia, nikikuta samaki wamekufa, basi nyumba imeshazoea kukaa bila mimi." Kisha akamvuta Zuhura karibu yake, wakala sahani moja.

Baba ametangulia mbele ya haki sasa. Mimi ninaishi Mbwawa, Kibaha hii hii, na wanangu wana tangi lenye taa, chujio la umeme na chupa ya kuondoa dawa kwenye maji. Kila utaalamu umo kwenye simu zao. Mwezi uliopita maji yalipogeuka kijani, nilimwambia binti yangu alisafishe. Akanijibu bila kuinua macho, "Mama, si tununue wengine tu? Mjini wapo kibao."

Nilicheka, maana ni kweli, wapo. Nikakunja mikono ya gauni na kuchukua ndoo. Enzi zetu hatukuwa wema kuliko wao. Ila samaki wetu walikuwa wanne tu, na hatukujua wa tano anapatikana wapi.