Mpishi Aliyekatazwa Kuonja

Mzee Sabri, mpishi wa halua hapa Kilindoni, alikuwa na kisukari kwa miaka mingi, na kwa miaka hiyo yote hakula halua hata siku moja. Aliionja tu. Ukimkuta kajaza kinywa, na kisahani kimelambwa kikatakata, alikujibu kwa utulivu kwamba mpishi asiyeonja anawalisha watu asichokijua. Na kweli ndiyo desturi yetu: halua ya harusi haitoki jikoni mpaka mpishi aionje, na ikishatoka hakuna wa kuikosoa.

Mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta, nami nilimsema sana. Mkewe, Bi Kidawa, alishachoka kusema. Dawa za sukari mzee alizimeza siku alizozikumbuka, na kumbukumbu yake ilikuwa nzuri kwa madeni ya wenzake tu. Tena kifua chake kilikuwa kibovu kwa moshi, maana alipiga mwiko juu ya kuni tangu ujana. Kila asubuhi alikohoa mpaka tukaamka sisi.

"Hiki ni kikohozi cha kazi," alisema, kana kwamba kikohozi chenye kazi hakiui.

Masika haya alikwenda Ndagoni kupika halua ya harusi. Alirudi amelowa chapachapa, nyuma ya bodaboda ya Shaabani, kijana aliyekuwa akikohoa njia nzima. Shaabani alikunywa chai ya tangawizi, akapona. Mzee Sabri akangoja naye apone.

"Mvua ile ile, kikohozi kile kile," alituambia. "Haraka ya nini?"

Kichomi kilimshika ubavu, homa ikapanda, maneno yakaanza kumkatika, naye bado anashikilia kwamba nimonia ni ugonjwa wa watoto wachanga na yeye ana wajukuu. Bi Kidawa hakubishana naye. Alimwambia kuna mkubwa mmoja anataka halua sufuria nzima, ila lazima aonane na mpishi mwenyewe. Mzee akaomba kofia yake, akajikokota hadi kwenye bajaji. Bajaji ikaenda kusimama hospitalini.

"Shikamoo, mzee," alisema Daktari Afrah.

Marahaba ilimkatikia katikati. Hapo niliogopa kweli, kwa sababu mzee yule hajawahi kuishiwa pumzi ya kusema.

Daktari alipima sukari, akasikiliza kifua, akatutoa nje.

"Mvua haina kosa," alisema. "Huenda vijidudu ni vile vile vya kijana wa bodaboda. Lakini sukari isipodhibitiwa inadhoofisha kinga ya mwili, na moshi umeshamchosha mapafu. Kwa kijana vimepita. Kwa mzee vimepata pa kukaa."

"Atapona?" aliuliza Bi Kidawa.

"Mmechelewa, mama. Tumemwekea oksijeni na dawa. Muombeeni."

Bi Kidawa alikaa kwenye benchi akalia mbele za watu, hakujificha.

Alipona, polepole na kwa ubishi. Akaambiwa asikose dawa, achanjwe, asisogelee moshi, na halua asiionje hata kwa ncha ya kidole. Na harusi ya mjukuu wake, Nunu, ilikuwa imeshafika mlangoni. Mwanawe Ilyas akashika mwiko, mzee akaketi mbali, upepo unakotoka, akitoa amri kama nahodha aliyeshushwa pwani. Halua ilipoiva, wote tukatazamana. Bi Kidawa akachukua kijiko.

"Sukari imezidi," alisema.

"Ndivyo inavyokuwa siku zote."

"Najua, Baba Ilyas. Siku zote imezidi. Nani angethubutu kukwambia?"

Mzee alinitazama mimi. Nikatazama kuku. Aliumia, nikamwonea huruma, ingawa kicheko kilinibana mbavu. Kisha alimwamuru Ilyas apunguze sukari sufuria ya pili, na wageni wakaikomba hiyo mpaka wakatukausha.

Lakini kabla haijatoka, Bi Kidawa alikuja kuionja pembeni ya mumewe, makusudi, ili mzee aione inavyovutika.

"Nzuri," alisema, kijiko kingali mdomoni.

Mzee Sabri alivuta pumzi ndefu, safi, isiyo na kikohozi, macho yake kwenye midomo ya mkewe.

"Basi usimeze haraka, Kidawa," alisema. "Nami nipate."