Jiwe la Heshima kwenye Ukuta wa Pindo

Fundi cherehani wa mtaa wa kale, aliyeitwa Pindo na wakubwa kwa wadogo, hakuwa na ugomvi na nyumba kuukuu. Alizaliwa ndani ya moja. Ugomvi wake ulikuwa na ufa uliopanda kutoka sakafuni hadi dirishani na kutokeza upande wa barabara, katika chumba alicholala mama yake, ajuza asiyeweza tena kuinuka kitandani.

Mvua zilipokaribia akaenda kwa Kamati ya Kuhifadhi Mtaa kuomba ruhusa ya kuuziba. Kamati! Watu waliokwisha kuhamia nyumba mpya za vigae, na mapenzi yao kwa kuta za kale yakazidi kadiri walivyokaa mbali nazo.

"Dada, ule ufa ndio uzee wenyewe," mwenyekiti alisema. "Wageni wanaupiga picha."

"Na mama yangu je? Wampige picha akishaangukiwa?"

"Acha kutia chumvi. Ukiugusa tu, tutakushtaki."

Pindo alirudi nyumbani. Siku chache baadaye kamati ikaja kwa vishindo, na wala si kuziba ufa. Ilileta jiwe la marumaru, zito kama gunia la unga, limechorwa kwa herufi za dhahabu: NYUMBA HII INALINDWA. Walitaka kulitundika kando ya ufa, eti picha zipendeze.

Pindo hakupoteza mate yake kubishana nao. Alimbeba mama yake mgongoni, akamlaza jikoni, nyuma kabisa. Huko nje drili ikanguruma, ukuta ukatobolewa, jiwe likatundikwa. Waheshimiwa wakavuka barabara wapate kupiga picha vizuri, matumbo mbele.

Ukuta haukuwasubiri watabasamu. Uliporomokea ndani mzima mzima, pamoja na jiwe lao.

Mwenyekiti alipoacha kukohoa vumbi, neno lake la kwanza halikuwa pole. "Mawe yasiguswe! Ni ya kihistoria!"

Pindo alimpita kama hamwoni, akaenda kumwita mwashi. Hakuomba ruhusa ya mtu. Walipofukua kitanda wakakuta kitu kimoja tu kilichotoka bila hata mkwaruzo: jiwe la marumaru, limetulia juu ya mto wa mama yake.

Akalichukua, akaliweka juu ya meza ya kushonea liwe la kupigia pasi nguo.

"Mwanangu," mama aliita kutoka jikoni, "wale watu walikuja kufanya nini?"

"Kutulinda, mama," akajibu, na akaitua pasi ya moto juu ya herufi za dhahabu.