Kofia ya Mgeni

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, alikuwa mgeni kiwandani kwa miaka tisa. Sitanii. Kiwanda chetu cha sabuni kina desturi yake: mgeni huvaa kofia ya kijani, mwenyeji ya buluu. Yeye aliletwa na wakala wa vibarua. Kila alipokaribia miezi sita, muda ambao sheria ingemtambua kuwa mfanyakazi wa kudumu, wakala alimrudisha nyumbani kidogo, kisha akamleta tena kama mgeni. Basi aliketishwa upya pamoja na wageni wenzake, akaonyeshwa choo kiko wapi. Tulicheka, lakini roho zilituuma.

Kazi yake ilikuwa kukaza vifuniko vya chupa. Kifundo cha mkono kikavimba hata vifungo vya blauzi akawa anafungwa na kaka. Daktari alisema apasuliwe, apumzike. Lakini mgeni hana likizo ya ugonjwa. Kiwanda kikasema huyu ni wa wakala, wakala akasema kaulizeni kiwandani. Akapigwa danadana huku akikaza vifuniko kwa mkono wa kushoto.

Ndipo akaja mkaguzi wa kazi, mama mnene asiye na haraka. Msimamizi alikwisha kutuonya: kofia za kijani zote ziseme ni wageni, la sivyo zisitarajie kuitwa tena. Mkaguzi akasimama mbele ya wifi.

"Una muda gani hapa, dada?"

"Mgeni, mama."

Mkaguzi akaitazama kofia. Ilikuwa imefuliwa mpaka ikapauka, ukingo umeshonwa kwa uzi mweusi.

"Na hii kofia je?"

Msimamizi akakohoa. Nilimwona wifi akiushika ule mkono uliovimba.

"Kofia ni mwenyeji, mama. Mgeni ni mimi."

Tuliangua kicheko, hata msimamizi alitabasamu kabla hajajishtukia. Mkaguzi hakucheka. Alivuta kiti, akaketi karibu naye.

"Haya, nieleze habari za kofia."

Wifi akaeleza. Shauri halikuisha siku ile. Wakala na kiwanda walitupiana mpira mpaka wakaambiwa wote wawili wanawajibika. Mwishowe akapata kofia ya buluu, akapasuliwa, akapewa likizo.

Asubuhi ya kwanza baada ya kutoka hospitali nilimkuta getini, bandeji mkononi, kofia mpya kichwani. Alihofia nafasi yake isije ikachukuliwa na mwingine. Mlinzi alimzuia kwa upole.

"Rudi nyumbani, mama. Siku hizi unaruhusiwa kuugua."

Wifi alisimama palepale akalia, nami nikalia naye.